Kitenzi "dress" cha Kiingereza: ni kuvisha, kupamba, kupanga au kuandaa?

Mfasiri wa Morogoro aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nimepewa kazi ya kufasiri kijitabu cha zamani cha Kiingereza kuhusu maarifa ya nyumbani na shambani, ambacho kikundi kimoja cha akina mama wa huku kwetu kinataka kukitumia kwa Kiswahili. Kazi inakwenda vizuri, isipokuwa kwa kitenzi kimoja kinachonikwamisha kila baada ya kurasa chache, nacho ni "dress". Kuku anafanyiwa jambo hilo kabla ya kupikwa, kidonda kinafanyiwa kila siku, meza inafanyiwa wageni wanapokaribia, na vivyo hivyo mbegu, shamba la mahindi, taa ya utambi, mawe ya msingi na dirisha la duka. Kamusi niliyo nayo inaanza na "vaa" na "visha", kisha inataja "pamba", na baada ya hapo inaniachia maneno machache yasiyo na mifano. Nikiifuata kama ilivyo nitampa msomaji kuku aliyevishwa na kidonda kilichopambwa.

Naomba msaada kwa mambo mawili. Kwanza, maana ya msingi ya kitenzi hiki ni ipi, hata kikaweza kubeba kazi zote hizo? Pili, kinatofautianaje na vitenzi vingine vya kupanga na kupamba ninavyokutana navyo, kama vile "decorate", "adorn", "array", "deck", "garnish" na "trim"? Ingekuwa vyema pia kujua kama kuna kitenzi kimoja cha Kiswahili ninachoweza kukitumia kijitabu kizima.

Mwalimu Mstaafu:

Ndugu Mfasiri, kamusi yako haikukosea, ila imeanza na maana inayotumika zaidi leo, wala si ile iliyotangulia. Neno hili liliingia katika Kiingereza kwenye karne ya 14 kutoka Kifaransa cha kale, na asili yake ni neno la Kilatini "directus", lenye maana ya kilichonyooka. Kwa hiyo maana yake ya awali ni kunyoosha, kuweka sawa, kukitia kitu katika hali inayokifaa kwa kazi iliyo mbele yake. Ndugu zake katika Kiingereza ni "direct" na "address", na wote wawili hawana habari na nguo. Mavazi yaliingia kwa sababu mtu aliyekwisha kuvaa ni mtu aliyejiweka sawa kutoka mbele za watu. Ama nomino yenye maana ya gauni, hiyo ni ya karne ya 17, kwa hiyo wajukuu wetu wanaojifunza neno hili kwa picha ya gauni wanaanzia mwisho wa safari.

Maana ya kunyoosha ingali hai kwenye gwaride. Ofisa akiamuru "right dress", hamwagizi askari avae kitu chochote. Askari wa mwisho upande wa kulia hubaki akitazama mbele, wenzake hugeuza vichwa kumwelekea yeye, kisha husogeza miguu kwa hatua fupi fupi mpaka mstari unyooke. Hapo hakuna pambo lolote, bali mpangilio mtupu.

Kwa matumizi ya kale zaidi ninapenda kuiweka Biblia ya Kiingereza ya King James, ya mwaka 1611, kando ya Union Version ya Kiswahili ya mwaka 1952. Sisemi kwamba wafasiri wa Kiswahili walikuwa wakiifuata King James neno kwa neno, ila walikabiliwa na jambo lile lile, na uamuzi wao una mafunzo kwako. Katika Mwanzo 2:15 Adamu anawekwa bustanini Edeni "to dress it and to keep it", na Kiswahili kinasema "ailime na kuitunza". Katika Kutoka 30:7 kitenzi hicho hicho kinahusu taa anazozishughulikia Haruni kila asubuhi, na Kiswahili kinasema "atakapozitengeneza zile taa". Sasa nenda Mathayo 25:7, kwa wale wanawali kumi. Kiingereza hapo kinatumia "trim", lakini Kiswahili kinarudia "wakazitengeneza taa zao". Vitenzi viwili vya Kiingereza vimekutana katika kimoja cha Kiswahili kwa sababu kazi yenyewe ni moja: kukata ncha ya utambi iliyoungua, kuuvuta utambi juu kidogo, kuongeza mafuta na kufuta masizi. Kwa upande mwingine, nyumba ya Luka 11:25 ambayo pepo anairudia na kuikuta "imefagiwa na kupambwa" haikupewa "dress" na King James, bali "garnish".

Kuhusu hivyo vitenzi vingine, sitavieleza vyote kwa urefu sawa kwa maana havikusumbui sawa. "Decorate" na "adorn" ni kupamba kwa maana ya kawaida: kitu kimekwisha kukamilika, nawe unakiongezea uzuri. "Array" ni kitenzi cha fahari, kinachofaa jeshi lililopangwa safu kwa safu na pia bibi harusi aliyevikwa mavazi ya thamani. Leo ni cha maandishi zaidi kuliko mazungumzo. "Deck" asili yake ni Kiholanzi cha kale chenye maana ya kufunika, na ndiyo maana hutumika pale pambo linapoenea kila mahali, kama vile jengo lililojaa bendera. "Garnish" leo imebaki jikoni, kwenye jani la kotimiri au kipande cha ndimu kinachowekwa juu ya sahani dakika ya mwisho. "Trim" ndiyo yenye vituko, kwa kuwa zamani ilimaanisha kuimarisha na kuweka tayari, na sasa inamaanisha kupunguza na vilevile kuongeza: mtu hu-"trim" ndevu kwa kuzipunguza, na hu-"trim" mti wa Krismasi kwa kuuongezea mapambo.

"Dress" inatofautiana na zote hizo kwa jambo moja. Jiulize, kazi hii isipofanyika, kitu kitakosa uzuri au hakitafaa kutumika? Kuku mwenye manyoya na matumbo yake hakukosa urembo. Hafai kuingia chunguni. Jiwe lisilochongwa kwa nyundo na tindo halikai vizuri na jenzake ukutani. Kupamba kunaingia katika "dress" pale tu ambapo pambo lenyewe ndilo maandalizi yanayotakiwa, kama meli inayotundikwa bendera kutoka omo hadi tezi siku ya sikukuu.

Mtoto wa Katanga:

Mwalimu, asante kwa maelezo hayo. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa hapa Lubumbashi tunalifahamu neno hili kwa mlango mwingine, kwa sababu kitenzi "dresser" kingali kinatumika katika Kifaransa, na hakihusiani na kuvaa hata kidogo. Kuvaa na kuvisha ni "habiller". Mtu hu-"dresser" hema, yaani hulisimamisha. Polisi hu-"dresser" taarifa ya kosa, yaani huiandika kwa utaratibu wake wa kisheria. Mbwa na farasi pia hufanyiwa hivyo, kwa maana ya kufunzwa wakatii, na ndipo lilipotoka jina la ule mchezo wa farasi wa "dressage" unaoonyeshwa katika Olimpiki. Tena hotelini mhudumu hu-"dresser" meza kwa vitambaa, sahani, visu na uma, na mpishi hu-"dresser" sahani kwa kukipanga chakula kilichokwisha kuiva.

Ninalotaka kuongeza ni hili: katika orodha yote hiyo hakuna mahali ambapo "pamba" ingetosha peke yake. Kifaransa kilibaki na kusimamisha na kunyoosha, Kiingereza kikaelekea kwenye nguo, lakini kazi za zamani za jikoni, za fundi mawe na za mganga hazikuhama.

Bibi wa Kibokoni:

Wanangu, mmezunguka Ulaya nzima, na hiyo meza ya wageni imo katika Kiswahili tangu zamani. Huku Mombasa sisi twasema kuandika meza. Asiyejua atadhani ni kuchora maandishi juu ya ubao, lakini andika maana yake ya asili ni kuweka vitu mahali pake kwa taratibu, na mwandishi wa meza alikuwa ndiye mtumishi anayepanga vyombo na kuhudumia wanaokula. Ndiyo maana nilicheka niliposoma ya mwenzetu wa Lubumbashi, kwamba Wafaransa nao wana kitenzi kimoja cha meza na cha taarifa ya polisi. Nasi tunacho! Vijana siku hizi wasema "kupanga meza" au "kutenga chakula", na si makosa, ila mwanangu Mfasiri akitaka neno lenye uzito, aandike meza bila woga.

Kuhusu kupamba, nako kuna daraja zake. Bibi harusi hupambwa: kapakwa hina na piko, kavikwa dhahabu, kafukizwa udi. Mlango hutiwa nakshi. Mtu aliyejitia poda na wanja mno kwa safari ya sokoni twasema kajikwatua au kajiremba, na neno hilo lina kijembe ndani yake. Msitumie remba kwa jambo la heshima kwenye kijitabu.

Tena kuku hunyonyolewa akapasuliwa, na samaki huparwa magamba akatumbuliwa. Sioni kwa nini tutafute kitenzi kimoja kwa wote wawili ilhali kisu chashikwa kwa namna mbili mbalimbali.

Mzee wa Kamusi:

Naheshimu yote yaliyosemwa, hasa la kuandika meza, lakini naona tunamtwisha Mfasiri mzigo usio wa lazima. Mwalimu mwenyewe ameonyesha kwamba "tengeneza" ilitosha kwa taa, na kwa hakika inatosha kwa mengi. Tunatengeneza nywele, tunatengeneza kuku, tunatengeneza shamba, tunatengeneza ngozi, hata kama wenye lugha pana watasema kudabighi. Kitenzi kimoja chenye maana pana kitampa msomaji ulinganifu ule ule alioukusudia mwandishi wa Kiingereza, nacho kinaeleweka kuanzia Kigoma mpaka Lamu. Kutumia vitenzi kumi kwa kimoja ni kumpa msomaji kitabu kingine.

Muuguzi wa Zamu:

Mzee wa Kamusi, shikamoo. Naomba nitofautiane nawe kwa adabu, kwa sababu ya kidonda. Kidonda hakitengenezwi. Mgonjwa akisoma "tengeneza kidonda kila asubuhi", sijui atafanya nini, lakini nina hakika hatafanya ninachotaka. Wodini tunasema kusafisha na kufunga kidonda, na vitenzi vyote viwili vinahitajika, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza kinabeba hatua zote kwa pamoja: kunawa mikono, kuondoa kifuniko cha jana, kukilowesha kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa endapo kimegandamana na nyama ili kisivutwe kwa nguvu, kusafisha, kisha kuweka kifuniko kipya kisichogusa kitu kingine njiani. Kijitabu kikisema "funga" peke yake, kuna mama atakayefunga kitambaa kipya juu ya uchafu wa jana.

Mfasiri aangalie pia nomino. "Dressing" ni kile kinachogusa kidonda chenyewe, kwa kawaida shashi safi; bendeji ni ile inayozungushwa juu yake ili kukishikilia. Nimekuta vijikaratasi vingi vya afya vinavyoviita vyote bendeji, na matokeo yake watu wanazungusha bendeji moja kwa moja juu ya kidonda kibichi.

Kwa wanaopenda historia, enzi za Waingereza huko Tanganyika zahanati za vijijini ziliendeshwa na wasaidizi walioitwa kwa Kiingereza "tribal dressers", na wazee wetu wakawaita madresa. Kazi yao ilikuwa vidonda, homa na dawa za kawaida. Atakayekutana na jina hilo katika nyaraka za zamani asije akalifasiri kuwa wavishaji.

Mswahili wa Derby:

Naishi Uingereza, na ningependa kutetea kidogo upande wa mapambo, usije ukasahauliwa. Katika vijiji vya jimbo la Derbyshire kuna desturi ya "well dressing", inayofanyika kuanzia majira ya kuchipua hadi kiangazi kinapokwisha, na kijiji cha Tissington, ambacho hufanya yake siku ya Kupaa kwa Bwana, ndicho kinachotajwa zaidi. Visima na chemchemi hupambwa kwa picha kubwa zilizotengenezwa kwa maua. Mbao huloweshwa majini kwanza, zikajazwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa kwa maji na chumvi ili usikauke upesi, kisha mchoro wa karatasi hutandazwa juu yake na kutobolewa kwa ncha kali mpaka mistari ihamie kwenye udongo. Mistari hiyo hufuatiwa kwa mbegu au buni za kahawa, na ndipo petali zinapobandikwa moja moja, kuanzia chini kwenda juu, kila moja ikiikalia kidogo iliyo chini yake ili mvua iteleze juu yake isiingie ndani.

Hapo hakuna awezaye kusema kisima kimeandaliwa kwa matumizi. Maji yake ni yale yale. Kwa hiyo kipimo cha Mwalimu, ingawa nakikubali kwa kuku na jiwe, hakifungi kila kitu. Ningefasiri "kupamba visima" bila kusita.

Mwalimu Mstaafu:

Nakubali kwamba mfano wa Derby unapita mpaka nilioweka, ingawa ningependa mtu atazame jinsi kazi yenyewe ilivyo ya kupanga kuliko ya kumwaga maua. Hilo lanikumbusha kanuni moja ya sarufi itakayomsaidia Mfasiri. Yambwa ya "dress", yaani kinachotendewa, ni kile kinachopokea kazi, kamwe si pambo lenyewe. Mwingereza ata-"dress" meza kwa maua. Hawezi ku-"dress" maua mezani, hapo hana budi kutumia "arrange". Kiswahili kinafuata njia hiyo hiyo: unaipamba meza kwa maua, na unayapanga maua mezani. Ukiona katika kijitabu chako yambwa ni kitu kinachopokea, fikiria pamba, andaa, safisha au andika. Ukiona yambwa ni vile vitu vinavyowekwa, bila shaka kitenzi kitakuwa kingine.

Kuhusu "tengeneza" ya Mzee wa Kamusi, ningeitumia kwa taa na nywele peke yake. Mbao kupigwa randa ni jambo linaloeleweka na kila fundi, na ni hilo hilo Waingereza wanaliita "dressed timber". Ukisema mbao zilizotengenezwa, fundi atauliza zimetengenezwa kuwa nini.

Mfasiri wa Morogoro:

Nawashukuru nyote, na Bibi wa Kibokoni shikamoo. Nimeamua kuacha wazo la kitenzi kimoja. Meza itaandikwa, kuku atanyonyolewa na kutolewa matumbo, kidonda kitasafishwa na kufungwa kwa shashi na bendeji, na mawe yatachongwa. Yamebaki mambo matatu. Saladi nimeandika "iungwe kwa mafuta na siki", lakini sina raha nayo. Dirisha la duka limetumika mara moja kwa maana halisi na mara moja, kwenye sura ya hesabu za kikundi, kwa maana iliyofichika. Na shambani kuna "top dressing" pamoja na "seed dressing", ambazo mwenzangu mmoja alizifasiri "pambo la juu" na "vazi la mbegu".

Bibi wa Kibokoni:

Saladi haiungwi, mwanangu. Kuunga kwataka moto: kitunguu kikaangwe, nyanya iingie, nazi ifuate. Kisichoungwa twakiita chukuchuku. Majani mabichi hutiwa siki na mafuta yakachanganywa, kama kachumbari inavyokamuliwa ndimu. Andika "tia", basi.

Mzee wa Kamusi:

Nimeshindwa kwa kidonda na kwa mbao, nakiri hoja zao zina nguvu. Kwa dirisha, maana halisi ni kupanga na kupamba bidhaa dirishani. Kwa ile ya hesabu, ambapo mtu anaziremba takwimu ili kikundi kionekane kina fedha kuliko ilivyo, Kiswahili kina neno lake: hiyo ni danganya toto. Naona akina mama wataielewa kabla hawajamaliza sentensi. Kama kijitabu kinataka lugha ya ofisini, sema "kuremba hesabu", na hapa kile kijembe alichokionya Bibi kinakufaa.

Bwana Shamba:

Nimechelewa kuiona mada hii, lakini hayo mawili ya mwisho ndiyo yangu. "Top dressing" wakulima wote wanaiita mbolea ya kukuzia, ili kuitofautisha na mbolea ya kupandia. Ya kupandia mara nyingi ni DAP, yaani mbolea ya fosfeti, ikiingia shimoni pamoja na mbegu lakini ikitenganishwa nayo kwa udongo kidogo. Ya kukuzia ni mbolea ya naitrojeni kama CAN au Urea, inayowekwa mahindi yanapofika magotini na udongo ukiwa na unyevu. Usilete neno "juu" kabisa. Waingereza waliliweka kwa sababu mbolea hiyo hutandazwa juu ya shamba lenye mimea tayari, lakini Urea, ambayo ina naitrojeni asilimia 46, ikiachwa juu ya udongo sehemu yake hugeuka gesi ikapotea hewani. Mkulima anatakiwa aiweke kando ya shina, isiliguse, kisha aifukie. Tafsiri ya neno kwa neno ingemtia hasara.

"Seed dressing" ni kuzipaka mbegu dawa ya kuua wadudu au ukungu kabla ya kupanda, na mbegu zenyewe tunaziita mbegu zilizotiwa dawa. Kwa kawaida hupakwa rangi kali, nyekundu, kijani au buluu, ili zisifanane na nafaka ya chakula. Kama kijitabu chako ni cha zamani, huenda kinadhani msomaji anajua jambo hilo, na neno la Kiingereza halisemi lolote kuhusu sumu. Ongeza sentensi moja hata kama mwandishi hakuiandika: mbegu hizo hazisagwi, hazipikwi, hazipewi kuku, na kuziosha hakuziondolei sumu.